Deodata Binti Marcel, Aliyeitwa Mama Jovitha

Mama tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, alizaliwa tarehe 14 Mei 1966 huko Kibimba, wilaya ya Ngara, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Marcel Bakundukize na Bi. Recho, ambao wote ni marehemu. Alibatizwa akiwa mchanga, akapewa jina la Deodata. Wengi mliofika hapa Nyarubungo mnalisikia jina hilo kwa mara ya kwanza, na hilo si kosa lenu.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kibimba kuanzia mwaka 1975 hadi 1981. Darasani kwao walikuwepo akina Deodata kadhaa, na mwalimu alipochoka kuwachanganya akawapa kila mmoja la kwake. Yeye aliitwa Deodata wa Dirishani, kwa kuwa alipenda kukaa pale na kutazama watu waliokuwa wakipita kwenda mtoni. Hadi uzeeni akilikumbuka jina lile alicheka peke yake. Hakubahatika kuendelea na sekondari. Wazazi walimpeleka kwa masista wa parokia, akajifunza kushona, na huko ndiko alikopata kazi aliyoifanya maisha yake yote.

Tarehe 16 Agosti 1986 alifunga ndoa na Bwana Privatus Ndassa, fundi mwashi kutoka Nyarubungo, aliyekuwa amekwenda Ngara kujenga madarasa. Walianza maisha Kibimba. Tarehe 3 Februari 1988 walimpata binti yao wa kwanza, Jovitha. Kama ilivyo desturi, tangu siku ile Deodata akawa Mama Jovitha. Mume alimwita hivyo, majirani walimwita hivyo, hata mama yake mzazi. Alisema baadaye kwamba jina la zamani lilimtoka bila yeye kuona, na wala hakulitafuta, maana jipya lilimkaa vizuri.

Jovitha alikuwa mtoto mwembamba, mwenye maneno mengi. Alipenda kukaa chini ya meza ya cherehani akiokota vipande vya vitambaa. Mwezi Oktoba 1995 aliugua homa ya uti wa mgongo. Ilimchukua kwa haraka mno. Alizikwa Kibimba, akiwa na umri wa miaka saba.

Baada ya msiba ule watu waliacha kumwita mama yake Mama Jovitha. Waliona huruma. Waliogopa kumtonesha kidonda. Wengine walianza kumwita Mama Paschal, kwa jina la mtoto wa pili, lakini kwa sauti ya chini na ya kusitasita. Wengi hawakumwita kabisa, walikuja hadi mlangoni, wakakohoa, wakasema, "Wewe mama, upo?" Yeye aliitikia, akashona, akarudisha nguo za watu. Alieleza siku moja kwamba miezi ile alijiona kama nyumba iliyong'olewa mlango.

Wakati huo kambi ya Lukole ilikuwa imejaa wakimbizi, naye alikuwa akienda sokoni kule na cherehani yake, akishona na kuweka viraka. Mmoja wa wateja wake alikuwa mama wa Kirundi aliyeitwa Kankindi. Alikuwa amemfahamu Jovitha akiwa hai, kisha hakuonekana kwa muda mrefu kwa sababu ya ugonjwa. Siku aliyorudi sokoni alimwona Deodata kwa mbali, akapaza sauti kwa furaha mbele ya watu wote.

"Mama Jovitha! Mama Jovitha we!"

Fundi aliyekaa jirani alimvuta kanga. "Nyamaza, dada. Mtoto alishafariki."

Kankindi aliweka kikapu chini, naye akakaa chini papo hapo. Aliposogea karibu na meza hakuweza kuinua macho.

"Nisamehe," alisema. "Sikujua. Sasa nikuite nani?"

Deodata alilizuia gurudumu la cherehani kwa mkono. "Niite vile vile. Tangu tumzike, wewe ndiye wa kwanza kulitaja jina lake. Hata baba yake halitaji."

"Mimi watu wangu wananiita Mama Nahimana mpaka leo," Kankindi akasema. "Na Nahimana tulimwacha njiani tukikimbia. Hata kaburi hana."

Siku ile Deodata hakushona tena. Alirudi nyumbani, akamwambia mumewe kwamba yeye ni Mama Jovitha, na asiyeweza kumwita hivyo aache kumwita. Mzee Privatus anasema yeye mwenyewe alilia, kisha akaitikia.

Mwaka 2001, baba mkwe alipofariki, familia ilihamia hapa Nyarubungo, wilaya ya Biharamulo, kulima shamba la ukoo. Wakati huo walikuwa na watoto watatu: Paschal, Agness na mdogo wao Elick. Hapa hakuna aliyewahi kumwona Jovitha. Mama mkwe, ambaye naye sasa ni marehemu, alimweka chini kwa upole.

"Mwanangu, hapa wewe ni Mama Paschal. Watu wananiuliza huyo Jovitha yuko wapi. Niwaambie nini?"

"Waambie yuko Kibimba, mama," alijibu.

Hakuwa mkaidi kwa tabia. Katika mambo mengine yote alimsikiliza mama mkwe, alimuuguza hadi siku yake ya mwisho. Lakini katika hili hakurudi nyuma, na lilimchosha. Kila mgeni aliuliza. Kwenye vikundi vya akina mama waliuliza, na mwalimu wa Elick naye aliuliza kama dada mkubwa anasoma mbali. Alieleza, akapewa pole, akarudi kwenye kazi yake, na kesho yake akaeleza tena.

Liliwagusa pia watoto. Paschal alipokuwa na miaka kumi hivi alimfuata mama yake shambani, akamuuliza kama yeye si mtoto wake.

"Kwa nini?"

"Mama wa wenzangu wote wanaitwa kwa majina yao. Mimi jina langu halimo."

Mama alikaa juu ya jembe. "Wewe nakuita mwenyewe kutwa nzima, na unakuja. Yule nikiacha mimi, nani atamwita?"

Paschal alielewa nusu. Nusu nyingine ilimwuma kwa miaka mingi, na mama alijua. Kwenye harusi ya Paschal, tarehe 8 Septemba 2018, mshereheshaji alitangaza, "Mama Paschal asimame tumwone!" Watu wakapiga vigelegele. Mama alibaki ameketi, akigeuka huku na huku pamoja na wageni wengine, hadi mumewe alipomgusa bega. Kesho yake alimwita kijana wake.

"Sikukataa, mwanangu. Sikujua kama ni mimi."

Paschal alisema baadaye kwamba maneno yale yalimwondolea uchungu, kwa sababu mama aliyasema akiwa amechoka kweli, na hakuwa akijitetea.

Miaka ya karibuni uchovu ule ulizidi. Waliomjua Jovitha walikuwa wamepungua. Wajukuu walikua wakidhani shangazi Jovitha anaishi Mwanza, na Krismasi moja mmoja wao akamuuliza bibi kama shangazi ataleta zawadi. Bibi hakuwa na nguvu ya kueleza. Alisema tu, "Tutaona."

Mwaka 2023 alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu, kisha figo. Alitibiwa Biharamulo, na mwezi Februari mwaka huu akapewa rufaa kwenda Mwanza. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa moyo wote. Huko wodini muuguzi mmoja alikuwa akimwita kila asubuhi, "Deodata Marcel!" Mwanzoni mama alitazama vitanda vya wenzake kuona nani ataitika. Baadaye alianza kuitika kabla muuguzi hajamaliza. Alimwambia Agness, "Yule binti ananiita kama bado niko shuleni."

Aliporudi nyumbani mwezi Julai alijua hali yake. Aliwaomba Agness na Paschal wamsogeze barazani, akawaambia msalabani waandike Deodata binti Marcel, basi.

Agness alishtuka. "Na Jovitha, mama? Umelishika miaka yote hiyo."

"Nimelishika kwa sababu alikuwa hana mwingine wa kumtaja kwa watu. Sasa naenda kwake. Akiniona ataniita mwenyewe. Ninyi nizikeni na jina langu, nimelimisi."

Mzee Privatus hakupenda. Alisema watu hawatajua nani amezikwa. Hakukosea. Tangu juzi wako waliopita barabarani wakauliza msiba ni wa nani. Walipoambiwa Deodata, walitoa pole wakaendelea na safari. Ikabidi Elick awafuate kwa baiskeli kuwaeleza ni Mama Jovitha, nao wakageuza njiani huku wakilia. Hata hivyo, jana mzee mwenyewe ndiye aliyempa fundi maandishi ya msalaba, kama mama alivyotaka.

Mama alifariki Jumatano tarehe 6 Agosti 2025, alfajiri, nyumbani kwake, Agness akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Bwana Privatus Ndassa. Watoto watatu, Paschal, Agness na Elick. Wakwe, wajukuu sita, dada yake mmoja aliyeko Kibimba, na wanawake wengi wa hapa Nyarubungo aliowafundisha kushona. Binti yake Jovitha alimtangulia.

Sisi wanawe hatujawahi kumwita mama yetu kwa jina lake, adabu haikuturuhusu. Leo tunaliandika, na tunaomba mlitaje nasi katika sala zenu. Mungu ampokee Deodata, ampumzishe, ampe amani yake.