Robo Niliyoikataa

Amani iwe kwenu, wamama na wababa. Sijazoea kusimama mbele ya watu, hata hapa darasani kwetu, munivumilie.

Baba yetu alituacha watoto watatu: kaka zangu wawili na minye. Alipokuwa mgonjwa, alimwomba jirani amwandikie karatasi. Shamba letu la Runingu ligawanywe vipande vinane. Kila kaka achukue vitatu, minye viwili. Sikuwa nimesoma, lakini tarakimu nilizijua. Penye jina langu paliandikwa 2/8.

Baada ya mazishi, kaka mkubwa aliipeleka karatasi ile biro, ofisi ya mashamba, ikachapwa upya na kupigwa muhuri. Aliponionyesha, nikaona wao wana 3/8 kama zamani. Penye jina langu: 1/4.

"Yaya," nilimwita kaka, "sehemu yangu iko wapi?"

"Ni hiyo hapo. Iko sawa."

"Baba alinipa mbili juu ya nane, weye umeniachia moja juu ya nne! Zenu mbona hazikupunguka?"

Aliitazama karatasi, akanyamaza. Ndugu zangu, nawaambia, kunyamaza kule nilikuona ni kukubali kosa. Nikamwita mwizi mbele ya watoto wake.

Nikahamia hapa Uvira, nikapanga chumba. Miaka sita. Nilipika katika sufuria ndogo, nikala nikitazama ukuta. Sikukuu nilijifungia ndani ili majirani wadhani nimeenda kwetu. Mama yetu alipofariki, nilisimama nyuma kabisa makaburini, nikaondoka kabla ya wengine. Labda waliniita. Sikugeuka.

Mwaka jana nikajiandikisha katika darasa hili la watu wazima. Nisiwadanganye, sikufuata masomo. Nilitaka mahali pa kusikia sauti za watu.

Siku moja mwalimu wetu alitugawia karatasi. "Kunjeni katikati, mara tatu, kisha mukunjue. Vipande vingapi?"

"Vinane!"

"Pakeni rangi viwili vya mwanzo. Sasa kunjeni mara mbili tu. Vipande ni vinne, na rangi imejaa kimoja. Mbili juu ya nane, gawanya juu na chini kwa mbili, unapata moja juu ya nne. Je, rangi imepungua?"

"Hapana!" wenzangu wakajibu. Minye nikakunja tena, nikakunjua. Baadaye nikainua mkono.

"Mwalimu, na tatu juu ya nane?"

"Hiyo inabaki vilevile, mama. Tatu na nane hazina namba ya kuzigawanya pamoja, ila moja tu."

Nikatoka nje, nikalia.

Kesho yake nilipanda pikipiki mpaka Runingu. Kaka mkubwa alikuwa anaanika muhogo. Sikumsalimia hata, nilikunja karatasi mbele yake, nikapaka rangi, nikamweleza. Akaichukua, akaikunja mwenyewe, akaikunjua.

"Dada, hata minye sikujua," alisema. "Muntu wa biro aliniambia ni sawa tu. Ulipouliza, nilikosa jibu, nikaona haya."

Akanipeleka shambani. Muhogo wao ulisimama vizuri. Sehemu yangu ilikuwa nyasi mpaka kifuani.

"Mbona hamukulima?"

"Ni yako. Tungelimaje bila weye?"

Namshukuru mwalimu wetu. Namshukuru mke wa kaka, aliyeninawisha mikono siku ile na kunikaribisha mezani bila kuniuliza lolote. Na ninyi, kama kuna ndugu muliyeachana naye kwa neno ambalo hamukulielewa, rudini mukaulize, hata kwa aibu. Kaka nilimkuta. Mama sikumkuta.