Debe la Kununulia, Debe la Kuuzia

Ndugu zangu wa jumuiya, nimeambiwa nisitaje majina. Nitataja mawili: Damasi, shemeji yangu, na langu mwenyewe, Agata.

Mume wangu alipokufa, Damasi alinijia na madebe mawili. Moja kalitanua mbavu kwa nyundo, la kununulia mahindi huku Miono. Jingine kalibonyeza kitako, la kuuzia Chalinze. "Shemeji, utakufa njaa na uaminifu wako?" Nikapokea. Watoto watatu, ningesema nini?

Nikanenepa. Mpaka mwaka ule wa ukame, nilipokwenda kwa mama yangu nikamkuta anachemsha pumba.

"Mama, mahindi yako?"

"Yameisha, mwanangu. Nilimuuzia Damasi kidogo, ninunue dawa. Sijui yameyeyukaje. Nilitaka kutoa debe langu, akanionyesha lako. Nikasema la mwanangu halina shida."

Nawaambia, nilitoka nje mbio. Nikarudi Chalinze, siuzi, silali. Kisu nilikitazama, msinifiche macho. Damasi akanicheka: "Utakatifu umekuanza lini?"

Katekista wetu, msomaji wa habari za Wayahudi, ndiye aliyenishika mkono. Akaniambia walimu wao wa kale walikataza hata kuweka ndani kipimo cha uongo, hata kama, mnisamehe, unakojolea tu. Maana kesho mtu atakiokota apimie.

Nikalia. "Nirudishe kwa nani? Nimepunja watu nisiowajua hata sura."

"Hilo nalo waliliona," akasema. "Aliyeibia asiowajua afanye jambo la watu wote. Maji, kwa mfano."

Madebe niliyaponda kwa shoka. Kiwanja changu cha Chalinze nikakiuza. Kisima mnachoteka hapo nyuma kimechimbwa kwa fedha hiyo. Msinishukuru, ni mahindi yenu.

Mama nilimpigia magoti nikamwambia yote. Hakunitukana. Bora angenitukana.

Katekista, asante. Kina mama mlioshika majembe pamoja nami huku mnajua nilichowafanyia, asanteni, sikustahili. Damasi bado anazunguka vijijini. Akija, toeni debe lenu, hata akiwaonyesha la ndugu yenu wa damu.

Jana nimempelekea mama mahindi, debe jipya, zima. Kabla hajapokea alilipapasa mbavu zote nne. Kisha akazamisha mkono kwenye mahindi, taratibu, mpaka kitakoni. Nikasimama nikangoja amalize.