Kozi Tatu za Fundi Pasi

Kati ya chumba cha kinyozi na duka la kutengeneza pasi na feni kuna benchi lililoundwa kwa mlango wa zamani. Tundu la ufunguo bado lipo, na anayelikalia hubanwa suruali. Hapo Bi Birika huweka jiko lake la kahawa kila mchana, na hapo huketi wenye benchi lao: Wakili, ambaye hajawahi kuwa wakili bali alikuwa tarishi wa mahakama mpaka alipostaafu; Kinyozi, ambaye humaliza stori kabla ya kumaliza kichwa; na mwenye duka la pasi, mwanamume mjane wa miaka sitini na mbili, ambaye jina lake la cheti watu walishalisahau wakabaki na Fundi Pasi. Alhamisi hiyo Fundi Pasi alirudi saa tisa na nusu, daftari kwapani, akakuta kesi yake imeshasikilizwa na kilichobaki ni hukumu.

Wiki sita nzima alikuwa akifunga duka kila Jumanne na Alhamisi saa sita mchana, akiaga kwamba anafuata vipuri. Benchi lilikuwa limepiga hesabu likaona vipuri hivyo vingetosha kuunda treni. Bi Birika alimmiminia kikombe kabla hata hajaketi, na hapo Fundi akajua mambo si mazuri.

— Kaa, Fundi, alisema Wakili. Hapa si mahakamani. Lakini useme kweli.

Shahidi wa kwanza alikuwa Kinyozi. Ukuta wao ni wa mbao, naye kila asubuhi humsikia Fundi akinong'ona maneno yasiyo ya lugha yoyote ya mtaa huu. Mwanzo alidhani kuna mwanamke. Lakini ni mwanamke gani, aliuliza, anayeambiwa neno moja mara arobaini asikasirike? Kwa hiyo ni majini, na Fundi anayafuga humo dukani, ndiyo maana pasi zake zinapona haraka.

Bi Birika alikuwa na lake. Wiki iliyopita Fundi alimuuliza nyumbani kwake wanalala wangapi, nani huamua kitakachopikwa na nani humnunia nani, akawa anaandika. Mtu wa namna hiyo ametumwa, hilo halina mjadala.

Wakili akafunga kazi. Alipita dirishani akamwona Fundi amesimama mbele ya feni saba zilizopangwa mstari, mkono hewani, anaziambia "mabibi na mabwana." Feni mbili zilikuwa zikigeuza vichwa kama zinazokataa.

— Udiwani huo, alisema Wakili.

— Udiwani ni mdogo, alisema Kinyozi. Unganisheni wenyewe. Anahesabu watu, anajifunza kuhutubia, ana lugha ya siri. Huyu anaanzisha dini.

Wakili alipinga kwamba dini inataka ndevu, na Fundi hana. Bi Birika akaona basi huenda ni nchi kabisa, maana alisikia kuna watu hujitangazia nchi kwenye kisiwa kisicho na mtu. Akataka kujua mapema kama katika nchi hiyo wauza kahawa watahitaji leseni.

Fundi Pasi aliweka daftari magotini. Alikuwa ameficha jambo hili kwa sababu aliwajua watu wake. Wangelicheka mpaka Krismasi. Lakini kuitwa mwenye majini nako kulikuwa kumezidi.

— Nasoma chuo, alisema.

Hakuna aliyecheka. Hilo lilimtisha zaidi.

Akawaeleza. Binti yake, nesi, yuko ughaibuni mwaka wa tisa sasa, ameolewa hukohuko, na mjukuu ana miaka minne na anasema lugha ya baba yake tu, Kihispania. Kwenye simu ya video babu na mjukuu walikuwa wakionyeshana vitu: mtoto anaonyesha kidole cha mguu, babu anaonyesha bisibisi. Waliridhika hivyo. Mpaka siku moja mtoto akaongea kwa muda mrefu, uso ameukaza, mikono inakwenda huku na huku, na Fundi, akidhani ni kichekesho, akacheka kwa sauti. Mtoto akatupa simu. Mama yake alipoiokota alisema, "Baba, alikuwa anakusimulia mbwa wake alivyokufa."

Kesho yake asubuhi Fundi alikuwa dirishani pa chuo. Alitaka Kihispania tu. Karani, binti mwenye umri wa kumwita babu, akamwambia kwa adabu kwamba kozi za kuanzia huja kwa furushi: sayansi ya jamii, kuzungumza mbele ya watu, na Kihispania. Huwezi kuchukua moja ukaacha ndugu zake. Akachukua zote tatu.

— Kwa hiyo yale maswali yako, alisema Bi Birika polepole, mimi nilikuwa zoezi la nyumbani?

— Ulipata sabini na moja, shemeji.

— Mimi au wewe?

Kabla ya jibu, simu ililia. Ilikuwa saa kumi, saa ya binti yake. Fundi aliitazama ikilia mara tatu. Alizoea kupokea ndani, mlango ukiwa umefungwa, lakini sasa cha kuficha kilikuwa kimekwisha. Akaipokea palepale.

Mtoto akatokea, nywele hazijachanwa, mkate mkononi. Fundi akasalimia kwa Kihispania. Akamwomba radhi kwa habari ya mbwa, sentensi aliyoiandaa wiki mbili na kuihubiria feni zote saba. Mtoto akaacha kutafuna. Akamjibu maneno mengi, ambayo Fundi aliyashika matatu: nyeupe, bustani, babu. Hilo la mwisho lilimtosha.

Wenzake walikuwa wameshajazana nyuma yake, Kinyozi ametanguliza kichwa mpaka kioo kikajaa pua. Mtoto aliwatazama wote kwa zamu, kisha akauliza kitu. Fundi akamwomba arudie polepole. Akarudia. Na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe mtoto yule, babu yake akamwelewa neno kwa neno, mwanzo hadi mwisho.

— Kasemaje? aliuliza Wakili.

— Anauliza nyinyi hapo mnafanya nini.

Wakili alijiweka sawa shati.

— Mwambie tunajadili masuala.

— Hilo hatujalifikia darasani.

— Mwambie tunapumzika, alisema Kinyozi.

— Kutoka kazi gani? aliuliza Bi Birika.

Fundi alipekua daftari, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka akapata kitenzi kilichokaribia. Akamwambia mjukuu wake: tunangoja.

Mtoto alifikiri kidogo, akauliza tena, kifupi zaidi. Fundi hakuhitaji kurudiwa. Akawageukia.

— Anauliza mnangoja nini.

Wakili akaliweka shati sawa kwa mara ya pili. Bi Birika akainamisha birika juu ya kikombe na halikutoa kitu. Kinyozi akakumbuka kwamba kule ndani kuna mteja aliyenyolewa upande mmoja tangu saa nane.