Mshipa wa Shavu na Jina la Mke Wangu

Ndugu zangu, nawasalimu nyote, wa upande huu wa mpaka na ninyi mliovuka asubuhi kuja kusali pamoja nasi. Mungu ametupa siku nyingine. Wengi mnanijua. Mimi ni yule wa baiskeli nyeusi pale boda, yule mliyekuwa mkisema mwaka jana kwamba amekuwa na maringo, hasalimii watu. Leo nitawaambia kwa nini sikuwa nawasalimu. Halafu nitasema jambo baya zaidi ya hilo, kwa sababu kuna mtu nilimharibia jina kwa mdomo huu, na kulisafisha ni kazi ya mdomo huu huu. Mtu huyo ni mke wangu.

Ilianza mwaka wa pili baada ya Uhuru wa Kenya, kwenye baridi ya mwezi wa saba. Kazi yetu mnaijua. Kutoka kituo cha Kenya hadi cha Uganda ni mbali kwa mtu mwenye mzigo, basi sisi tunambeba, yeye na gunia lake, tukiita "Boda, boda!" tangu asubuhi. Siku hiyo nilikuwa nimembeba mama mmoja muuza samaki. Upepo ukanipiga shavu la kulia. Ghafla nikasikia kama mtu amenichoma kwa waya wa moto, kutoka kando ya pua hadi ndani ya fizi. Nikaachia usukani. Mama, samaki, baiskeli, sote chini. Alinitukana kwa Kisamia, na alikuwa na haki yake. Lakini kabla hajamaliza kunitukana, maumivu yalikuwa yamekwisha. Kabisa! Nikabaki naokota samaki barabarani, mkono mmoja shavuni, sielewi kitu.

Nikadhani ni jino. Na wewe ungedhani nini? Nikaenda kwa mzee mmoja aliyekuwa aking'oa meno sokoni Malaba. Akagonga jino la juu, nikaruka, akasema ndilo hilo, akaling'oa. Tukaliangalia wote wawili. Lilikuwa jeupe, zima, halina hata tundu. Siku nne nikakaa vizuri, kisha moto ukarudi pale pale. Akang'oa la pili. La tatu niliomba mwenyewe, tena kwa kumbembeleza. Mnacheka? Chekeni tu. Hata mimi siku hizi nacheka, ila kwa upande mmoja.

Ndugu zangu, nawaambia, maumivu yale hayakuwa kama kuumwa kichwa tunakokujua. Yanakuja kwa sekunde chache, yanaondoka, yanarudi. Nikinawa uso, hayo. Nikigusa shavu kwa wembe, hayo. Ndiyo maana nilifuga ndevu upande mmoja, na majina mliyonipa nayakumbuka, hasa ninyi mliokaa hapo nyuma. Nikifungua mdomo kusema "habari," hayo. Kuita abiria ndiyo usiseme. Sasa mtu wa boda asiyeweza kuita, na asiyeweza kupigwa na upepo, ni mtu wa boda gani? Nikaanza kuinua mkono tu na kupita.

Lakini kwenye chakula ndiko nilikopotea. Tonge la kwanza linapita. La pili, nikitafuna, napigwa. Nikila naungua, nikishinda na njaa natulia. Na huku kwetu mnajua mambo yetu: mtu akiumwa baada ya kula, hatuulizi anaumwa nini. Tunauliza alikula kwa nani. Jamaa zangu walikuja kuniona, wakaliuliza swali hilo. Nami, niliyekaa na mwanamke yule miaka tisa, nikajibu, "Kwa mke wangu."

Alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. Akaniuliza, "Baba watoto, umesema nini?"

Nilimwambia tu akusanye nguo zake aende kwao Masinya. Hakulia wala hakugomba. Aliweka bakuli chini, akalifunika, akasema, "Nimeupoza. Ule wa moto unakuumiza." Akaenda. Sikuunywa, ndugu zangu. Niliuchimbia shimo nyuma ya nyumba ili kuku wasiuguse. Nikikumbuka shimo lile naona aibu hata sasa, hapa mbele yenu.

Wiki tatu nilipikiwa na dada yangu, na maumivu hayakupungua, yalizidi. Mtu mwenye akili angejiuliza hapo. Mimi nilisema sumu imeshaingia kwenye mfupa.

Mwenzangu mmoja wa baiskeli ndiye aliyechoka kuniangalia. Akanipandisha basi, akanipeleka hospitali kule Tororo, akanikalisha mbele ya tabibu mmoja, mtu wa kijiji cha Kiyeyi. Nikamweleza yote kwa mdomo uliofungwa nusu: meno, upepo, na chakula cha mke wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akachukua pamba, akaivuta mpaka ikabaki uzi mwembamba, akanigusa nao kando ya pua. Kugusa tu! Nilipiga kelele mpaka watu wa kwenye foleni wakachungulia.

Akangoja maumivu yapite. Akasema, "Sasa mzee, sasa hivi umekula nini?"

"Sijala tangu jana."

"Na mimi nimekupa sumu?"

Akavuta kiti karibu. "Sikia. Uso iko na mshipa yake ya fahamu, moja kila upande. Hiyo mshipa inagawanyika mara tatu. Moja nakwenda kwa jicho na paji ya uso, moja kwa shavu na meno ya juu, moja kwa taya ya chini. Zote tatu zinakutana ndani ya kichwa, hapa mbele ya sikio, halafu inaingia kwa ubongo. Wewe unajua waya ya simu ya reli, hapa Tororo? Moja inatoka Malaba, moja Mbale, moja Kampala. Sasa waya ya Malaba ikichubuka hapa hapa, karibu na stesheni, upepo kidogo ikitikisa, kengele inalia. Stesheni masta anasema, 'Malaba wananiita.' Lakini Malaba hakuna mtu ameita. Ubongo yako ndiyo huyo stesheni masta. Kengele inalia, yeye anasema jino ni mbaya, chakula ni mbaya. Hapana. Jino ilikuwa mzima. Chakula ilikuwa mzima."

Nikamuuliza waya wenyewe umechubuliwa na nini. Akasema hilo hata madaktari wakubwa bado wanalitafuta. Nilimpenda kwa jibu hilo. Lakini mimi nilikuwa nimebaki kwenye neno lake la mwisho, kwamba chakula kilikuwa kizima. Nikalia pale kitini, na kule kulia kukaniamshia maumivu, nikawa nalia kwa mambo mawili.

Alinipa vidonge wanavyopewa watu wa kifafa. Nikamwambia mimi sina kifafa. Akasema anajua, ila dawa ile inatuliza mshipa usipige kelele ovyo. Wiki ya kwanza nilikuwa nayumba hata baiskeli nikaikokota kwa mguu, na wengine hapa mkasema sasa ameanza na pombe. Wiki ya pili nilinawa uso kwa mikono yote miwili. Nilikaa pale kwenye karai, nanawa, nanawa tena.

Ndipo nikaenda Masinya. Baba mkwe alinisikiliza na ndugu zake wamekaa. Akasema, "Ulitangaza kwa watu kwamba binti yangu anatia sumu kwenye chungu. Hilo huwezi kuliondoa kwa kusema samahani. Atapika, nawe utakula hapa, tukikuona."

Haki yake. Lakini niliogopa, kwa maana dawa ilikuwa imepunguza, haikuwa imemaliza. Nikipigwa pale, nikashika shavu, wote wataona nimemshtaki mara ya pili.

Wakaleta ugali wa wimbi na muhogo, na samaki. Tonge la kwanza likapita. La pili likapita. Kwenye la tatu, maumivu yakaja. Machozi yalinitoka, na mkono ukataka kwenda shavuni wenyewe, niliukalia. Wazee wakaacha kula, wananitazama mimi. Nikangoja yakapita, nikameza, nikasema, "Baba, si chakula. Ni mshipa wangu. Chakula ni kizima." Nikakata tonge la nne.

Mke wangu alikuwa amekaa kando na dada zake. Akasimama, akaja, hakuniangalia usoni. Akachukua sahani yangu, akamwagia mchuzi juu ya ugali, akauponda mpaka ukalainika, akairudisha upande wangu wa kushoto. "Tafuna huku," akasema.

Baba mkwe akasema inatosha, mimi na mke wangu twende nyumbani.

Namshukuru mwenzangu wa baiskeli, namshukuru tabibu wa Kiyeyi, dada yangu, na wakwe zangu. Maumivu bado hurudi, hasa wakati wa baridi, lakini sasa nikipigwa najua ni kengele tu. Nanyi mkipatwa na moto wa namna hii usoni, nendeni hospitali kwanza, kabla hamjang'oa meno, na kabla hamjamfukuza mtu.

Nilidhani nikimrudisha nyumbani yamekwisha. Jumamosi kwenye matanga nilimwangalia. Wanawake wote walikuwa jikoni, yeye mlimtuma maji. Kila msiba ni maji au kuni. Kwenye sufuria hakuna anayemkaribisha, na yeye hasemi neno. Mimi nimepata dawa yangu. Yeye bado anaumwa na neno langu, na dawa yake mnayo ninyi.

Leo asubuhi nilimwomba atupikie chai na viazi, vya kututosha sote. Alikataa. Alisema mtaviacha. Nikamwambia kwanza nitasimama niseme. Sasa nimesema, msiniitikie amina. Yupo pale mlangoni na birika. Kikombe cha kwanza nakunywa mimi. Cha pili ameshakimimina, kiko mezani, nasi wawili tunangoja mtu wa kukichukua.