Mhandisi Mellen Gati Mniko, Aliyeuliza "Kuna Nani Hapa?"

Mhandisi Mellen Gati Mniko alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, nje kidogo ya mji wa Kehancha, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mniko Nyamohanga, mkulima wa tumbaku, na marehemu Mama Bhoke. Mvua ya masika ilikuwa imeanza, na mkunga alifika akiwa na kiatu kimoja. Cha pili kilibaki barabarani. Familia haijawahi kudai kwamba hiyo ilikuwa ishara. Inakumbuka tu kwamba kiatu hakikupatikana.

Alipokuwa na miaka tisa, lori lililokuja kuchukua tumbaku lilikwama karibu na lango lao. Watu wazima walisimama wakilitazama, kama ilivyokuwa desturi. Mellen akachukua jembe, akaanza kuchimba mfereji wa kutoa maji.

"Wacha hiyo," baba yake akamwambia. "Barabara ni ya serikali."

"Na tumbaku ni ya nani, baba?"

Mzee Mniko, ambaye yuko nasi leo, anasema hilo lilikuwa swali la kwanza la binti yake lililomshinda, na baada ya hapo aliacha kuhesabu.

Alisoma shule ya msingi hapo Kehancha, akafanya mtihani wa KCPE mwaka 1993, kisha akajiunga na shule ya bweni ya wasichana Migori hadi 1997. Mwalimu wake wa hisabati aliandika kwenye ripoti: "Anauliza sana." Haikuwa sifa. Mwaka 2005 alipata shahada ya uhandisi wa ujenzi jijini Nairobi. Wasichana darasani walikuwa wachache kiasi kwamba mhadhiri mmoja aliendelea kuwasalimia wote "mabwana" hadi siku ya kuhitimu.

Mwaka 2006, akisimamia ujenzi wa kalvati pale Rongo, alijiwa na Mwalimu Bonface Odero wa Homa Bay, aliyekuja kulalamika kwamba mtaro umefunga njia ya wanafunzi. Mwalimu alilalamika tena kesho yake, na keshokutwa, hata baada ya mbao za kuvukia kuwekwa. Posa ilipelekwa Kehancha Desemba 2007. Wajaluo na Wakuria walikutana katikati kwa Kiswahili, na Kiswahili kilichozungumzwa siku hiyo hakitatahiniwa popote. Idadi ya ng'ombe inajulikana na wahusika; wasiohusika wamekuwa wakiikadiria tangu hapo. Ndoa ilifungwa Homa Bay tarehe 19 Aprili 2008. Mama mkwe wake alimwita Nyar Kuria, binti wa Kuria, mwanzoni kwa tahadhari, baadaye kwa majivuno, hasa mbele ya wageni.

Kikazi, marehemu alikuwa miongoni mwa wahandisi wa kwanza upande huu wa ziwa kusanifu barabara kwa njia iitwayo BIM, aliyoisomea mwaka 2015. Aliieleza hivi kwa wazee: barabara yote inajengwa kwanza ndani ya kompyuta, na kila kalvati, bomba na nguzo ya stima inapewa mahali pake, kina chake na umri wake. Vitu viwili vikitaka kukaa mahali pamoja, kompyuta inapaka hapo rangi nyekundu. Hiyo huitwa mgongano. Kabla ya BIM, migongano ilikuwa ikigunduliwa na tingatinga.

Mwaka 2019 alipewa usanifu wa barabara ya vijijini kati ya Rongo na Homa Bay. Vijana wa upimaji walitangulia, wakipita boma kwa boma wakiuliza: "Kuna kitu hapa?" Modeli, yaani ile barabara ya ndani ya kompyuta, ilipokamilika, boma moja lilionekana tupu kabisa pale barabara ilipopangwa kupita. Mellen, ambaye kufikia hapo alikuwa ameishi na ukoo wa mumewe miaka kumi na moja, hakuamini kwamba kuna boma la Kijaluo linaloweza kuwa tupu namna ile. Akaenda mwenyewe.

Mwenye boma alikuwa Dani Phanice, mjane mzee sana. Dani ndivyo huku tunavyomwita nyanya. Alimkaribisha, akaenda kumletea kiti, na Mellen akaona kwamba Dani hakukata moja kwa moja uwanjani. Alizunguka mahali fulani penye nyasi tu, akarudi akizunguka vilevile.

"Dani, mbona unazunguka hapo?"

"Nazunguka mzee."

"Mzee gani?"

"Mzee wangu. Si amelala hapo?"

"Lakini vijana walikuuliza kama kuna kitu, ukasema hakuna."

"Waliniuliza kitu." Dani akaweka kiti chini. "Kwani mzee wangu ni kitu, Nyar Kuria?"

Mellen aliomba radhi kwa niaba ya uhandisi, akarudi ofisini. Huko alikuta programu ya kompyuta ina alama ya kila kilichowahi kufukiwa ardhini isipokuwa binadamu. Kwa haraka akamwingiza mume wa Dani kama chemba ya majitaka. Kompyuta, kwa uaminifu wake, ikatoa ratiba kwamba mzee afunguliwe na kusafishwa kila mwaka. Ndipo alipokaa akatengeneza alama yake mwenyewe: kaburi, lenye jina la aliyelala, boma lake na maagizo ya matengenezo yenye neno moja, "Usiguse." Uwanja ule ukawa mwekundu.

Mkuu wa mradi, Mhandisi Makori, hakufurahi.

"Mellen, unataka nihamishe barabara kwa sababu ya watu wasiolipa ushuru?"

"Hao ndio hawahami, Mhandisi. Barabara inaweza."

"Tukichelewa, wewe ndiye unatoka kwa huu mradi. Si mimi."

"Sawa. Lakini nitoke nikiwa nimeuliza."

Akarudi barabarani na mhandisi Dorine, mwanafunzi wake wa kazi wakati huo, wakapita upya kila boma. Safari hii hawakuuliza kama kuna kitu. Waliuliza, "Kuna nani hapa?" Watu waliokuwa kimya kwa wapimaji wakawaonyesha akina babu, mapacha, mke wa kwanza, mgeni aliyefia njiani na hakuna aliyejua kwao. Modeli ikawa nyekundu kama uso wa mtu aliyeaibika. Kwa miezi kadhaa Mellen alisogeza mstari, hapa kidogo, pale kidogo, huku ofisini wakimwita Chifu wa Marehemu na kazi yake ikining'inia. Mwishoni hapakubaki mgongano hata mmoja, na akatia sahihi.

Barabara ilifunguliwa Agosti 2022. Hakuna kaburi lililofukuliwa, na hakuna boma lililokwenda kortini kuisimamisha. Mhandisi Makori ameieleza njia hiyo katika mikutano mingi ya wahandisi, akitumia neno "sisi". Yuko nasi leo, na tunamkaribisha.

Novemba 2023 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Alipoonyeshwa picha zake hospitalini Kisumu, aliomba zizungushwe aone upande wa pili. Daktari akamwambia hizi hazizunguki. "Pole," Mellen akamjibu. "Mnafanyaje kazi?" Alivumilia matibabu kwa moyo huohuo, akirekebisha michoro kitandani hadi Mei mwaka huu. Alituacha alfajiri ya Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, nyumbani kwake, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Mwalimu Bonface. Watoto, Liz na Elvis. Baba, Mzee Mniko. Kaka, Zablon, na dada, Sheila. Na mama mkwe, ambaye tangu Jumatatu ile amekuwa akisema "Nyar Kuria" bila kumaliza sentensi. Dani Phanice naye amekuja. Amekuja kwa barabara.

Wiki chache kabla ya kuondoka, Mellen alimwita Dorine, ambaye sasa ndiye anayesanifu upanuzi wa barabara inayopita mteremkoni, chini ya boma hili.

"Utaniweka kwa modeli?" alimuuliza.

"Nitakuweka, madam."

"Si kama chemba."

Jana Dorine alikuja na mitambo yake, akapima mahali hapa tunapomlaza, upande wa kushoto wa nyumba. Kwa hiyo siku wapimaji watakapofika langoni, hata tukiwa sote hatupo, waulize vizuri, nao watajibiwa. Kuna nani hapa? Yupo Mellen. Apumzike kwa amani, na barabara imzunguke.