Mama Stoo, Mke wa Fundi Mizani

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Stoo, alizaliwa tarehe 9 Februari 1960 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba alikuwa fundi mitambo, mama alikuwa mshonaji. Baada yake alizaliwa mdogo wake mmoja tu, wa kiume, ndiye anayewasomea maneno haya.

Alipokuwa na miaka saba ilijulikana kwamba pua yake si ya kawaida. Mama alikuwa akimfunga kitambaa machoni na kumpa nguo chafu moja moja, naye anataja: hii ya baba, hii ya mtoto, hii ya mama lakini baba aliikalia. Hakukosea hata siku moja. Mama alimtania, "Wewe mwanangu, ulikosea kidogo tu, ulipaswa uzaliwe na mkia." Mdogo wake, ambaye nguo zake ndizo zilizotambuliwa upesi kuliko zote, hakuona la kuchekesha hapo.

Alisoma shule ya msingi mtaa wa pili kutoka nyumbani, 1967 hadi 1973, kisha sekondari ya wasichana hadi 1977. Mwaka huo baba alifariki, na dada akaacha masomo ya mchana akachukua ya jioni. Alipata cheti cha utunzaji wa stoo mwaka 1979 na kuajiriwa katika kiwanda kile kile cha sabuni.

Huko ndiko alikomkuta mumewe. Fundi mizani alikuja kukagua mizani ya kupimia sabuni, akaikuta iko sawasawa, na wiki iliyofuata akarudi kuikagua tena. Ilikaguliwa mara tano mwezi ule. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1981, wakajaliwa binti mwaka 1983 na mtoto wa kiume mwaka 1987.

Tarehe 1 Agosti 1988 marehemu alianza kazi katika kituo cha umma cha kuhifadhi wanyama, akawa mtunza stoo hadi alipostaafu mwaka 2020. Ni vizuri tuseme ukweli juu ya kituo kile. Manispaa ililipa mishahara, maji, na sindano ya kuwalaza wanyama usingizi usio na kuamka. Mnyama aliyeokotwa alikaa siku kumi na nne, na kama hakuna aliyekuja kumchukua, sindano ilikuwa tayari. Kila kilichomfanya aishi zaidi ya hapo kilitoka kwa watu: chanjo, dawa za minyoo, upasuaji wa kuzuia uzazi, chakula cha wiki ya tatu na ya nne. Mwenye bucha alileta mifupa. Mafundi cherehani walileta vipande vya kujazia magodoro. Shule zilileta magazeti makuukuu. Dada alikuwa akisimama mlangoni na kuwaambia wageni, "Mkono mtupu haulambwi, jamani," na watu walicheka, kisha wakaenda kuleta.

Ubunifu wake mkubwa ulikuwa rafu ya nguo zisizofuliwa. Aligundua kwamba mbwa aliyegoma kula hula akilazwa juu ya nguo yenye jasho la mtu, hasa ikiwa mtu huyo ni bwana wake. Akawa anawaomba waliofiwa: leteni nguo ya marehemu wenu, msiifue. Walileta. Kila nguo ilifungwa karatasi yenye maelezo, ikawekwa kwenye mfuko wake. Wafanyakazi wenzake walisema kwamba alipopita ukumbini na nguo ya marehemu mkononi, vizimba vyote, vya upande huu na vya upande ule, vilinyamaza. Yeye alisema ni heshima tu. Wanyama wengi walipona kwa rafu ile, na wengi wakapata nyumba.

Sasa lazima tuseme lile ambalo familia hii haijawahi kulisema hadharani. Jumanne, tarehe 17 Oktoba 2006, fundi mizani alitoka nyumbani saa moja asubuhi na sanduku lake la vyuma vya kupimia, akaenda kukagua mizani za soko. Kulikuwa na joto, koti lake la kijivu akaliacha kabatini. Alisema atarudi kula mchana. Hakufika sokoni. Tulizunguka hospitali, vituo vya polisi, vyumba vya maiti, hatukuona hata kiatu. Mwaka 2014 mahakama ilimtangaza kuwa amefariki tangu siku ile. Watoto walitia sahihi, mdogo wa Mama Stoo alitia sahihi. Dada hakutia.

Koti lilibaki kabatini miaka kumi na moja, halikufuliwa, halikuazimwa. Jumamosi, tarehe 4 Novemba 2017, mdogo wake alishindwa kuvumilia.

"Dada, hilo koti linaliwa na nondo. Watu wanakuletea nguo za wafu wao kila siku, wewe la kwako umelikumbatia."

"Kutoa ni moyo," alijibu. "Na moyo wangu bado."

"Basi nitalipeleka mimi."

"Peleka. Lakini kunja vizuri, usiliburute."

Mdogo wake alilikunja saa tatu asubuhi, akalifikisha kwenye rafu, akaandika karatasi kwa mkono wake mwenyewe: Koti la kiume. Mwenyewe amefariki.

Siku mbili baadaye, Jumatatu, aliokotwa mbwa wa kahawia, sikio moja limekunjika, hana mkanda shingoni. Hakula siku ya kwanza wala ya tisa. Dada alimjaribu na nguo tatu, ya mwanamume, ya mwanamke, ya mtoto, na mbwa alizipa mgongo zote. Siku ya kumi na mbili alichukua lile koti. Alikuwa bado mwanzo wa ukumbi, kizimba kiko mwisho kabisa, mbwa akainuka na kuanza kutikisa mkia. Alipolipata hakulinusa kama mbwa anavyonusa kitu kigeni. Alilirukia na kulilia kwa furaha, vile mbwa anavyompokea mtu wake anaporudi kutoka kazini, kisha akaingiza pua moja kwa moja kwenye mfuko wa ndani wa kushoto. Fundi mizani aliweka biskuti zake mfuko huo. Halafu mbwa akala bakuli zima.

Daktari wa wanyama alikuwa amesimama pale. Mazungumzo yao dada aliyarudia mara nyingi, kwa hiyo tunayajua.

"Mama Stoo, hili koti la nani?"

"La mume wangu."

"Alifariki lini?"

"Mahakama inasema 2006."

Daktari alimfungua mbwa kinywa, akatazama meno kwa muda mrefu. "Huyu ana miaka mitatu. Ikizidi sana, minne. Hakuwa amezaliwa, mama."

"Kuhesabu najua, daktari. Usinihesabie."

Alimpigia simu mdogo wake, naye akasema yale ambayo mtu yeyote angesema: mbwa ni mbwa, ukimpa jasho la mtu atafurahi. Dada akamjibu, "Haya, lete la kwako." Kesho yake mdogo wake akapeleka koti lake mwenyewe. Mbwa alilitazama, akageuka, akakaa na kuuangalia ukuta.

Dada alimchukua mbwa, akamwita Shahidi. Jumamosi iliyofuata alimfunga kamba, akalitia koti kwenye mfuko, akamwambia mdogo wake, "Twende anakokwenda." Mbwa hakusita hata kwenye njia panda moja. Aliwapitisha nyuma ya soko, wakavuka reli, wakafika kwenye safu ya vyumba vya mafundi, akalala mbele ya mlango wenye kufuli. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, watu wanapiga nyundo pande zote. Mwenye nyumba alikuja akifuta mikono.

"Mnamtafuta fundi mizani? Amehama. Mbwa wake huyo, nilidhani kamchukua."

Dada aliuliza kwa utulivu, "Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mpole. Hana makuu. Joto, mvua, koti halivui. La kijivu, kiwiko cha kulia kimeshonwa kwa uzi wa bluu."

Mfuko wenye koti ulikuwa mkononi mwa dada. Kiwiko kile alikishona yeye, na uzi wa bluu ndio pekee uliokuwa umebaki kwenye kopo siku hiyo. Koti lile halikuwahi kutoka kabatini hadi mdogo wake alipolitoa.

"Alihama lini?" dada aliuliza.

"Jumamosi ile ya tarehe nne. Asubuhi, kama saa tatu hivi. Nikamwambia, fundi, mbona ghafla? Akasema kwake wameshagawa nguo zake, kwa hiyo hana cha kusubiria."

Walirudi nyumbani. Dada alilitundika koti kabatini, akafunga mlango wa kabati polepole kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala. Kisha akamwambia mdogo wake maneno ambayo hakuyarudia tena: "Sikulaumu wewe. Nilikuachia mimi." Hilo lilimuuma kuliko kama angempiga kofi.

Tangu siku hiyo hakukubali kuitwa mjane. Kwenye fomu za pensheni alikata neno hilo kwa kalamu na kuandika "mke". Kila alasiri Shahidi alikwenda getini, akatikisa mkia bila mtu kuonekana, akageuza kichwa taratibu kufuata kitu hadi mlangoni, na dada akaweka sahani ya pili mezani. Watoto walimsihi aache. Walitangaza redioni, walirudi kwenye vile vyumba mara nyingi, hapakuwa na aliyejua fundi alikokwenda. Dada alitaka jambo moja tu, mumewe ajue kwamba nguo hazikugawiwa kwa idhini yake. Alilitaka miaka saba, na halikupatikana.

Machi 2023 alianza kuugua mapafu. Alitibiwa hospitali kuu ya mji, wodi namba nne, kitanda cha dirishani. Wauguzi walituambia kwamba saa za kutazama wagonjwa zilipofika, alikuwa akijisogeza ukingoni mwa kitanda na kukunja miguu, vile unavyompisha mtu akae. Binti yake, ambaye ni muuguzi na si mtu wa kuamini ovyo, alisema shuka upande ule lilikuwa limebonyea. Alifariki Alhamisi, tarehe 18 Julai 2024, saa kumi na dakika arobaini alasiri, akiwa na miaka sitini na minne.

Familia haihitaji maua. Lete blanketi, gunia la chakula cha mbwa, au chanjo ya mnyama mmoja, upeleke kituoni kwa jina lake. Nguo za wafu wenu pia zinahitajika, zisifuliwe. Lakini hakikisheni kwanza kwamba wamekufa.

Kuhusu waliobaki, tulibishana juzi hadi chai ikapoa. Kijana wake alisema asiyekuwepo na lake halipo, tusiandike kitu ambacho karatasi ya mahakama inakikana. Lakini mama yao alikuwa ameshatoa agizo lake wodini, mdogo wake ameshika kalamu. "Mwandikeni mume kwanza," alisema. "Mliandika amekufa bila kumuuliza. Safari hii andikeni yupo, bila kumuuliza."

Kwa hiyo imechapwa hivyo kwenye ratiba mliyoishika. Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, mdogo wake mmoja, na mbwa ambaye tangu jeneza lifike hapa amekaa akitazama nyuma ya safu yenu ya mwisho, mkia ukigonga ardhi.

Hatutageuka. Shemeji, kama umesimama hapo, aliyekunja nguo zako ni mimi, si yeye. Yeye hakukutoa. Sogea mbele, udongo wa kwanza ni wako, na hakuna atakayeshika sepetu kabla yako.

Dada yetu na apumzike sasa. Kusubiri tumempokea.