Bi Kibanio na Kamba Yake ya Mistari

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Bi Kibanio anastaafu baada ya kulitumikia kundi letu la tamthilia za hiphop kwa miaka ishirini na saba. Mimi ni seremala wa jukwaa. Shule tuliachana darasa la tano, kwa makubaliano ya pande zote mbili. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki anayemkumbuka akiwa na meno yote.

Aliajiriwa kushona mavazi. Wiki ya pili aliwasikia vijana wakichana mistari kwenye duara, kila mmoja akibuni papo kwa papo, na maneno matamu yakiishia hewani. Akachukua daftari lake la vipimo vya viuno, akaanza kuyanakili. Kesho yake akayakata mstari kwa mstari kwa mkasi, akafunga kamba ya kuanikia nguo toka dirishani hadi mlangoni, akayabana hapo kwa vibanio. Tukawa tunapita chini ya kamba tukihamisha vibanio: huu uje mwanzo, huu apewe anayeigiza polisi, hapa dijei apige, hapa wacheza breki-densi waanguke. Maonyesho yetu yote kumi na tisa yalizaliwa hivyo.

Kanuni ya kamba ni yake mwenyewe. Anayeona mstari haufai anautoa. Haulizwi sababu, na mwenye mstari haulizi nani kautoa. Kanuni hiyo imepunguza vichwa vingi vilivyovimba. Mchanaji wetu tunayemwita Spika alipoteza mistari tisa asubuhi moja, akazira, akatangaza kwamba anahamia kwaya. Bi Kibanio akamwambia aende upesi, kwaya wanatafuta mtu wa kufungua madirisha. Kufika saa sita Spika alikuwa amerudi na mistari kumi mipya.

Mimi pia sikupona. Sakafu ikilia kidogo tu wakati wa mazoezi, alisema mbele za watu kwamba msumari wangu nao umetaka kuchana. Aliniita shemeji, ingawa hakuna dada yake aliyewahi kunitazama mara mbili.

Mwezi uliopita nilimuuliza, kwa utani, kwa nini hajawahi kubana mstari wake mwenyewe. Alijibu huku akitunga uzi kwenye sindano kwamba aliwahi, mara moja, miaka kumi na mitatu iliyopita, tulipoandaa onyesho la wafanyakazi wa majumbani. Asubuhi yake haukuwepo. Wenzake walikuwa wameukataa, na wana haki yao. Hakubana tena.

Wiki mbili baadaye nikavunja jukwaa la zamani ili nijenge jipya. Chini ya mguu mmoja nikakuta karatasi iliyokunjwa mara nne, ngumu kama ubao. Nikaifungua. Mwandiko wake:

*Mama kafua mashuka ya mtaa mzima,*
*sisi katufunika gauni lake, mikono inamuuma.*

Hapo nikakumbuka: hakuna aliyeukataa. Ulianguka, nami nikauokota sakafuni nikifagia, nikaukunja bila kuusoma, nikauchomeka chini ya mguu uliokuwa ukicheza. Jukwaa likatulia. Nikajisifu siku nzima. Kwa miaka kumi na mitatu watu wamesimama juu ya mstari wake wakisema ya kwao, na yeye akiwashonea vifungo.

Nilitaka kumwambia uso kwa uso. Nimefika mlango wa chumba cha mavazi mara tatu, na mara tatu nimeishia kuomba mkasi. Kwa hiyo nalisema hapa, mbele ya wote: shemeji, ni mimi. Nisamehe.

Mguu wa jukwaa jipya nimeuchongea kipande cha mti, kazi niliyopaswa kuifanya siku ile. Karatasi nimeirudisha kwenye kamba, na mikunjo yake yote. Kila mtu ameisoma. Leo ni siku ya kumi na moja, hakuna mkono ulioigusa. Spika, ambaye hajawahi kumpisha mtu, amehamisha mistari yake mitano ili mstari wa Bi Kibanio ukae mwanzo wa onyesho jipya.

Ahsante kwa daftari, kwa mkasi na kwa kutucheka. Nenda salama, upumzishe macho, miguu ipone. Tumebana kibanio kimoja kitupu baada ya mstari wako. Mstari unaofuata unaujua wewe tu, na kamba haitaondolewa.